Reli ya Kwenda Nyakalengija

Jumamosi moja alasiri Bwambale alikuwa akifuta reli yake ndogo ya mezani kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Kazi hiyo aliifanya kila wiki, kwa sababu vumbi la Kasese halina adabu. Linapita chini ya mlango, linapita kwenye wavu wa dirisha, na likishatua juu ya reli umeme haupiti vizuri, garimoshi linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Alianzia kona ya dirisha, akavuka daraja, akaingia stesheni. Hapo akainua mkono, maana mke wake Docus alikuwa amekaa kwenye benchi la jukwaani, na kidogo tu angempaka spiriti.

Docus alikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba, sawa kabisa na kipimo cha stesheni. Kitenge chake cha njano kilikuwa kimelowa chapachapa. Miguuni hakuwa na viatu, na kikapu alikuwa amekipakata.

"Mama Bright," Bwambale akasema. "Umefika."

"Nimefika. Funga hiyo chupa, inanuka."

Akaifunga.

Mto Nyamwamba ulimchukua Docus mwaka ule wa mafuriko. Alikuwa nyumbani kwao Kasese, akasikia mawe yanabiringika huko juu. Mtu aliyekulia kando ya mto ule anajua mawe yakianza kusema hivyo maji yako nyuma yao. Badala ya kupanda juu na wenzake, aliteremka kwenda kugonga milango ya vyumba vya kupanga vilivyokuwa ukingoni. Hakurudi, na mwili haukuonekana. Ukoo ulingoja hadi ukachoka kungoja, kisha ukafanya wanavyofanya watu wakikosa mwili: walikata mgomba, wakauvisha shuka, wakauzika Nyakalengija nyuma ya nyumba ya ukoo. Katekista aliomba, watu wakala, wakatawanyika.

Bwambale alirudi Kasese kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu na redio. Mchana mikono ilikuwa na kazi; jioni ilikuwa haina. Ndipo alipoanza reli. Baba yake, Yowasi, alikuwa mtu wa ishara kwenye stesheni ya Kasese wakati gari lilipokuwa bado linakuja, na Bwambale aliikumbuka stesheni ile bati kwa bati. Meza aliitengeneza kwa milango miwili aliyoikuta kwenye matope baada ya mafuriko, milango mizima isiyo na nyumba. Reli zilikuwa fito za miavuli mibovu alizozinyoosha kwa nyundo. Mataruma yalikuwa njiti za kiberiti. Kichwa cha garimoshi alikikata kwenye mkebe wa majani ya chai, ndani akatia mota ya deki iliyokufa, na mwendo akauongoza kwa kitufe cha sauti cha redio: ukiongeza sauti, gari linakwenda mbio.

Jambo moja tu alilibadilisha. Katika stesheni ya kweli ya Kasese reli ilikuwa inakwisha. Gari lilikuja, likageuzwa, likaondoka, na siku moja likaondoka moja kwa moja. Bwambale hakuipenda sehemu hiyo. Katika meza yake reli ilikuwa duara refu. Kila kilichoondoka stesheni kilipita dirishani, kikavuka daraja, kikarudi stesheni.

Docus aliikagua stesheni yote siku ile ya kwanza, huku mumewe akimaliza kufuta reli.

"Bati umepiga vizuri," akasema. "Saa ya ukutani pia. Choo iko wapi?"

Bwambale akaangalia. Hakukuwa na choo.

"Watu wote hawa wa kusafiri, Baba Bright, waende wapi? Kwenye migomba?"

Akajenga choo jioni hiyo hiyo, kwa boksi la kiberiti.

Wiki zilizofuata zilikuwa wiki nzuri. Asubuhi aliweka tone la chai kwenye kifuniko cha chupa ya soda na kulisogeza karibu na benchi. Alimsimulia habari za mtoto wao, Bright, aliyekuwa akifundisha Fort Portal na kuzungumza na msichana mmoja wa huko. Docus alimwambia amtoe panya aliyekuwa nyuma ya kabati, maana usiku anapita kwenye reli kama ng'ombe. Mara nyingine alipanda gari. Bwambale alikigeuza kitufe polepole, na mkewe akapita dirishani, akavuka daraja, akarudi.

Kitu kimoja kilimsumbua: kile kitenge hakikukauka. Alikiwekea taa ya mezani, akakipepea kwa jalada la daftari. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye pindo na kutengeneza alama ndogo ya mviringo chini ya benchi.

"Acha taa," Docus akasema. "Hapa stesheni nguo haikauki. Inakauka mutu akifika."

"Akifika wapi?"

"Hii gari yako inaenda wapi?"

"Kampala."

"Nimepanda asubuhi. Nimepita dirisha, nimepita daraja, nimerudi kwa choo yako. Kampala ilikuwa gani hapo?"

Bwambale akakuna kichwa.

"Mimi nataka kwenda nyumbani," Docus akasema. "Nyakalengija mahali pangu mmelaza mgomba. Mgomba hata salamu haijui."

"Nyakalengija ni mlimani, mama. Gari itateleza."

"Basi tengeneza isiteleze."

"Nitaangalia."

Docus alilifahamu neno hilo. Kuhusu paa la jikoni lililovuja aliambiwa nitaangalia misimu mitatu ya mvua.

Ukweli ni kwamba Bwambale alijua kabisa namna ya kulipandisha garimoshi mlimani. Yeye mwenyewe, kwenye kundi lao la simu la wapenzi wa reli ndogo, alikuwa amemweleza mtu wa Tabora kwamba unakata pete nyembamba kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, unazivisha magurudumu ya kichwa, nayo yanashika reli kama kidole kilicholambwa. Mtu wa Tabora alimtumia picha ya garimoshi lake likipanda, na alama ya kidole gumba. Lakini Bwambale alijua pia kwamba mtu akipata njia ya kwenda nyumbani, huenda. Kwa hiyo alijenga banda la bidhaa. Halafu akajenga uzio wa banda la bidhaa.

Asubuhi ya siku moja ya kazi alikuta jukwaa limejaa. Walikuwa wanaume na wanawake wenye mikeka iliyoloa, sufuria, mmoja na mtoto mgongoni. Kijana mmoja mrefu, kwa kipimo chao, alikuwa ameshika redio isiyo na kifuniko cha betri. Wote walimwamkia Bwambale kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, na Docus akasogea kwenye benchi ili mwenye mtoto akae.

"Hawa ni wale wa vyumba za Kosiya," Docus akasema.

Kosiya alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na vyumba vya ukingoni vilikuwa vyake. Alikwisha kukatazwa kujenga pale. Maji yalipokwisha na watu wa serikali walipokuja kuhesabu, Kosiya ndiye aliyesimama mbele akasema vyumba vilikuwa tupu, wapangaji walihama mwezi uliopita. Hesabu ikaandikwa bila wao. Walikuwa watu wa Beni na Butembo, huko Congo, wengi hawakuwa na ndugu mtaani wa kuuliza.

"Mama Bright alitugongea milango," yule kijana akasema. "Aligonga moja, aligonga ingine. Tulitoka na vitu mukononi. Wakati aligonga ya mwisho, maji ilikuwa inamungojea pale."

"Sikujua kama ni ya mwisho," Docus akasema. "Ningegonga kwa nguvu zaidi."

Kijana huyo aliitwa Gracien. Dada yake, Jeanine, alikuwa muuza vitu vya mitumba Bwera, mji wa mpakani, na ndiye aliyemletea Bwambale deki mbovu, miavuli iliyovunjika na chaja za kila aina. Alikuja wiki hiyo na mfuko wake mgongoni, akautua mlangoni, akainama juu ya meza kama alivyozoea kuangalia kipi kipya. Akaangalia muda mrefu.

"Gracien."

"Yaya," akaitika, kwa neno lao la dada mkubwa.

"Uko hapa. Na miye nakutafuta mpaka Mbarara! Nimelala ku kambi, nimeuliza ma padri, nimeuliza ma chauffeur ya malori. Chairman ananiambia ulirudia Congo na bibi ya mutu."

"Bibi ya nani?"

"Hakusema."

Gracien alifikiria jambo hilo. "Hapana, yaya. Nilikuwa ku chumba."

"Umekuwa mudogo."

"Ni stesheni ndiyo iko mudogo."

Jeanine akavuta kigoda, akakaa, akalia kidogo kwenye ncha ya kitenge. Alipomaliza akajipangusa, akamgeukia Bwambale.

"Papa Bright, hii gari inazunguka tu, juu ya nini?"

"Imetengenezwa hivyo, mama."

"Batu banaloa. Kila mutu iko na kwabo. Wewe unabazungusha tu kama mahindi ku kinu."

"Kwenda Nyakalengija ni mlima. Gari itateleza."

"Na Bwera? Bwera kuko mulima gani?"

Barabara ya Bwera ni tambarare, kila mtu anajua.

Jeanine hakungoja jibu. Alitoka, akarudi na Kosiya, ambaye alikuwa amevaa gambuti na saruji imemkaukia mikononi hadi kwenye viwiko. Kosiya aliingia, akavua kofia, akainama mezani. Aliwasalimia wapangaji wake mmoja mmoja kwa majina. Alimwuliza mama mwenye mtoto kama kikohozi cha mtoto kilipona. Mama akasema kilipona, Mungu asifiwe. Kisha Kosiya akasimama wima, akavaa kofia.

"Vyumba vilikuwa tupu," akasema.

"Chairman," Jeanine akasema, "umebasalimia sasa hivi!"

"Salamu ni heshima, mama. Hesabu ni kitu ingine. Hesabu ilishafungwa."

"Gracien alikulipa kodi wewe mwenyewe mukononi."

"Kijana mzuri sana, hajawahi kunisumbua. Lakini vyumba vilikuwa tupu." Akamgeukia Bwambale. "Hii kazi yako safi kabisa. Unaweza kuja kunifungia nyaya? Nimejenga tena. Vya matofali sasa."

"Umejenga wapi?"

"Pale pale. Kiwanja ni changu, niende wapi? Wapangaji wameshaanza kuingia."

"Chairman," Docus akasema kutoka kwenye benchi. Ilibidi Kosiya ainame tena. "Milango umeweka upande gani?"

"Wa mto, mama. Kwa ajili ya hewa."

"Na nani atawagongea?"

Kosiya alisema saruji yake inakauka kwenye karai, akaaga vizuri, akaondoka. Wapangaji walimwitikia, maana hawakuwa watu wa kukosa adabu.

Jeanine naye aliondoka kuwahi gari la Bwera. Bwambale alibaki amesimama. Docus alikuwa ameinama, akisugua mguu mmoja kwa mwingine kama mtu anayengoja asubuhi ya baridi milango ya dispensari ifunguliwe. Alikuwa amefanya hivyo tangu siku ya kwanza. Bwambale alikuwa ameona, na alikuwa amejenga uzio wa banda la bidhaa.

"Miguu iko baridi?" akauliza.

"Iko baridi, Baba Bright."

Akaenda uani, akauvua mpira wa ndani kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yake, akaukata pete nyembamba kwa mkasi.

Kazi ya kupanda mlima ilimchukua sehemu kubwa ya mwezi, kwa kuwa si pete tu. Mlima ukipanda wima, hata pete hazisaidii. Alisimamisha jerikeni tupu kando ya meza na kuizungushia njia, mzunguko juu ya mzunguko, kama nyoka anavyojizungusha kwenye mti, ili gari lipande kidogo kidogo. Wapangaji walikaa jukwaani wakitoa maoni. Gracien alisema mzunguko wa pili umelala upande; alikuwa sahihi. Juu ya jerikeni njia ilipita Ibanda, ambayo Bwambale aliijenga kwa duka moja na bodaboda mbili za waya, kisha ikavuka kwa ubao hadi juu ya kabati. Pale juu aliikunja mifuko ya saruji ikawa milima, akapaka chokaa vileleni. Chini ya milima akaweka nyumba ya ukoo, jiko lake na njia ya kwenda kisimani. Nyuma ya nyumba hakuweka kitu. Aliacha udongo.

Docus alitazama kila hatua. "Jiko liko karibu sana na nyumba," akasema, na Bwambale akalisogeza.

Docus alisafiri asubuhi moja, baada ya chai. Wanawake wenzake walimshikia kikapu akipanda. Bwambale alikaa kwenye kigoda, kidole kwenye kitufe.

"Godoro utoe juani," Docus akasema kutoka dirisha la behewa. "Na Bright akimleta yule msichana, usimwulize maswali kama polisi. Mpe chakula."

"Sawa, mama."

"Na wewe kula. Chai peke yake si chakula."

"Sawa."

"Haya. Wasingya," akashukuru kwa lugha yao ya nyumbani.

Bwambale akakigeuza kitufe. Garimoshi lilitoka stesheni, likafika kwenye njia panda, na kwa mara ya kwanza halikufuata dirisha. Lilianza kuizunguka jerikeni. Kwenye mzunguko wa pili magurudumu yaliteleza, yakalia, na Bwambale angeweza kuliacha lirudi nyuma taratibu hadi stesheni. Hakuna ambaye angemlaumu. Akaongeza sauti kidogo. Pete zikashika. Gari likapanda, likapita Ibanda, likavuka ubao. Docus hakupunga mkono, kwa sababu mikono yote ilikuwa imeshika kikapu, lakini uso wake ulikuwa umeelekea mbele, kama wa mtu anayetafuta kwa macho bati la kwao.

Gari lilipita nyuma ya milima ya karatasi. Liliporudi halikuwa na mtu. Bwambale alipitisha ncha ya kidole kwenye kiti alichokalia mkewe. Kilikuwa kikavu.

Mchana dada yake, Musoki, alipiga simu kutoka Nyakalengija.

"Kaka, ule mgomba umetolewa."

"Umetolewa na nani?"

"Na mwenye mahali pake, nani mwingine? Tumeukuta umeegeshwa kwenye ukuta wa jiko, shuka imekunjwa vizuri juu yake. Udongo umepigwa jembe, hauna hata nyasi moja."

"Mmeufanyia nini?"

"Tumewapa mbuzi."

Bwambale alikula mchana huo, wali na maharage, sahani nzima.

Njia ya Bwera ilikuwa rahisi, kama Jeanine alivyosema. Alitoboa ukuta kwa patasi, akaipitisha reli jikoni juu ya rafu ya vyombo, akaiteremsha hadi mlango wa nyuma. Hapo akakwama.

"Ng'ambo sijawahi kufika," akamwambia Gracien. "Sijui Butembo inafananaje."

"Weka mwisho wa reli kwa mulango tu, papa. Kule sisi tunajua."

Waliondoka kwa makundi, kwa sababu mabehewa yalikuwa machache. Jeanine alikuja siku ya Gracien. Alitembea kando ya gari kutoka sebuleni hadi jikoni, hatua moja kila baada ya muda, akiongea njia nzima: amusalimie mama, asikae na ile redio usiku kucha, amwambie mama mahindi ya mwaka huu iko mazuri. Mlangoni Gracien alishuka, akainua mkono, akavuka kizingiti. Jumapili mama yao alimpigia Jeanine simu Bwera. Gracien amefika, mama akasema. Koti lake liko kwenye kamba, na limekauka.

Siku ya kumbukumbu ya mafuriko watu walikusanyika ukingoni, kama kila mwaka. Padri aliomba, mchungaji akaomba. Kosiya alisimama mbele akasoma idadi ya waliokufa, nayo ilikuwa ile ile. Jeanine akasimama kati ya watu, akataja majina ya wapangaji, la Gracien la mwisho. Watu waliitikia amina baada ya kila jina, Kosiya naye aliitikia, kwa sauti nzuri. Kisha akaisoma idadi mara ya pili kwa wale waliochelewa. Haikuwa imebadilika. Nyuma yake vyumba vipya vya matofali vilikuwa vimekamilika, milango ya bluu imeelekea mtoni, na mama mmoja alikuwa anaanika nguo za mtoto.

Tangu siku hiyo, mawe yakianza kusema huko juu, Bwambale huvaa gambuti na kuteremka. Hugonga mlango wa kwanza hadi wa mwisho, na hugonga wote kwa nguvu moja. Wapangaji hutoka na watoto mabegani, wakinung'unika.

"Mzee, mvua kidogo tu hii!"

"Toka kwanza. Tukana baadaye."

Jumamosi iliyofuata siku ile ya kumbukumbu alikuwa akifuta reli, akavuka daraja, akaingia stesheni, akainua mkono. Jukwaani alikuwa amesimama mzee mmoja ambaye hakumfahamu, suruali imeloa hadi kiunoni, kofia ameishika kifuani.

"Samahani, fundi," mzee akasema. "Hii gari inafika Hima?"

Bwambale aliangalia ukuta wa upande wa Hima. Palikuwa na kalenda na msumari, basi.

"Bado, mzee," akasema. "Kaa hapo kwenye benchi. Naanza leo."